Mzunguko wa Causse Méjean: Kupanda kutoka Le Rozier hadi Uwanda wa Upepo na Kurudi Siku Hiyo Hiyo

Causse Méjean ni uwanda wa juu wa mawe ya chokaa kusini mwa Ufaransa, katika mkoa wa Lozère, ambao mito imeuchimba pembezoni hadi ukabaki kama kisiwa kilichoinuliwa hewani: korongo la Tarn limeukata upande wa kaskazini na magharibi, korongo la Jonte upande wa kusini, na bonde la Tarnon upande wa mashariki. Eneo lake linakaribia kilomita za mraba 340, sehemu yake kubwa iko kati ya mita 800 na 1,200 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wake hawafiki wawili kwa kila kilomita ya mraba. Hakuna mto unaopita juu yake, kwa sababu mvua inayonyesha huzama mara moja katika nyufa za chokaa na kutokea tena chini kabisa, kwenye chemchemi za makorongoni. Kinachopita juu bila kizuizi ni upepo.

Mwongozo huu unahusu mzunguko unaoanza na kuishia katika kijiji cha Le Rozier, mahali mto Jonte unapoingia katika mto Tarn. Utapanda kupitia kitongoji cha Capluc na kipito cha Francbouteille, utafika uwandani penye kitongoji cha Cassagnes, kisha utarudi kwa kijia kinachofuata ukingo wa majabali ya Jonte. Mzunguko wote huchukua takribani saa 7 pamoja na mapumziko, na mpando wake, ukijumlisha miinuko midogo ya njiani, unazidi mita 500. Wapo wanaoutembea kinyume chake, lakini ninashauri kwa dhati uelekeo ninaoueleza hapa. Asubuhi upepo kwa kawaida bado ni mpole na miguu bado ina nguvu, kwa hiyo sehemu ya kupanda kwa mikono na miguu humalizwa mapema. Alasiri jua hupiga majabali ya Jonte yanayotazama kusini, hewa iliyopata joto huanza kupanda, na tumbusi hutoka kuruka.

Wakati wa kwenda

Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba ya mwanzoni. Mwezi Mei na Juni uwanda huwa na nyasi mbichi na maua, na siku ni ndefu: mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa 3 na nusu usiku, jambo linalompa mtembeaji nafasi ya kutosha hata akichelewa. Julai na Agosti joto huwa kali mno kwenye ukingo wa Jonte, ambako jabali hurudisha joto usoni na kivuli ni kidogo, na ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida. Vuli ina rangi nzuri, lakini ndiyo majira ya mvua kubwa za ghafla zinazotoka Bahari ya Mediterania na kugonga milima ya Cévennes iliyo jirani, mvua ambazo ndani ya saa chache huweza kujaza mabonde yaliyokuwa makavu. Isitoshe, mwishoni mwa Oktoba saa zikisharudishwa nyuma kwa saa moja, kama ifanywavyo Ulaya kila mwaka, giza huingia mapema, na jua huwa limezama kabla ya saa 12 jioni. Wakati wa baridi kali uwanda hupata theluji na vijia vya ukingoni huganda, kwa hiyo mtu asiyezoea barafu asiende.

Jioni ya kuamkia safari, soma utabiri wa idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, Météo-France, ambayo hutoa tahadhari kwa kila mkoa kwa rangi nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu kwa ajili ya upepo, mvua au ngurumo ina maana safari imeahirishwa. Hata bila tahadhari, angalia kasi ya upepo wa vishindo iliyotabiriwa kwa uwandani, wala si ile ya Millau au ya Le Rozier, kwa kuwa kijiji kiko chini, kwenye mita 400 hivi, na kimefunikwa na milima. Mtu anaweza kunywa kahawa yake kijijini bila jani kutikisika, na saa mbili baadaye akakuta juu upepo unaomsukuma hatua moja pembeni. Kanuni ninayoifuata ni kwamba vishindo vikizidi kilomita 60 kwa saa, sikanyagi vijia vya ukingoni. Upepo wa kutoka kaskazini-magharibi huwa mkavu na wa baridi, na huleta anga safi. Upepo wa kutoka kusini-mashariki huwa na unyevu, nao ukiambatana na mawingu mazito ndio wa kuogopwa zaidi kwa sababu nyuma yake kuna mvua.

Vitu vya kubeba

Vaa viatu vya kutembelea milimani vyenye soli yenye meno, kwa maana chokaa iliyokanyagwa na watu miaka mingi huteleza kama sabuni ikilowa. Katika mkoba wa mgongoni weka koti la kuzuia upepo hata kama asubuhi ina joto, sweta nyepesi, kofia inayofungwa kidevuni, mafuta ya kuzuia jua, chakula cha siku nzima, tochi ya kichwani, kisanduku cha huduma ya kwanza, na simu iliyojaa chaji. Beba pia ramani ya karatasi ya IGN, taasisi ya taifa ya ramani ya Ufaransa, ya kipimo cha 1:25,000, kwa kuwa mtandao wa simu hukatika ndani ya makorongo.

Suala la maji lisichukuliwe kirahisi. Kiasi cha chini ni lita 2 kwa kila mtu wakati wa baridi na lita 3 wakati wa joto, yote yakiwa yamejazwa kijijini. Kwenye njia ya kupanda kuna chemchemi moja, Fontaine du Teil, ambayo wachungaji na watembeaji wameithamini tangu zamani kwa sababu chemchemi ni adimu katika nchi hii, lakini usipange safari kwa kuitegemea. Huenda imekauka, na maji yasiyotibiwa yanayotoka katika chokaa si salama kuyanywa, kwani chokaa haiyachuji kama mchanga unavyoyachuja. Juu hakuna duka.

Kufika Le Rozier

Mji wa karibu wenye kituo cha treni na huduma zote ni Millau, ulioko kilomita 20 hivi kutoka Le Rozier, na ambao wengi wanaufahamu kwa daraja lake kubwa lililofunguliwa Desemba 2004. Kutoka Montpellier, penye uwanja wa ndege, kuna mabasi ya kwenda Millau na pia barabara kuu ya A75. Kutoka Millau hadi Le Rozier njia hufuata mto Tarn, lakini usafiri wa umma katika sehemu hiyo ni mchache, kwa hiyo asiye na gari alale Le Rozier au Peyreleau, kijiji cha jirani ng'ambo ya Jonte, ili aamkie njiani. Hilo ni bora hata kwa mwenye gari, kwani kuanza kutembea saa 2 asubuhi kunahitaji mtu awe ameshafika. Mwambie mwenyeji wako, au mtu mwingine unayemwamini, njia utakayopita na saa unayotarajia kurudi.

Kusoma alama

Sehemu kubwa ya mpando hufuata njia ndefu iitwayo GR 6A, ambayo alama yake ni mistari miwili mifupi iliyopakwa juu ya mawe na miti, mweupe juu na mwekundu chini. Mistari hiyo ikichorwa kwa msalaba, maana yake umeacha njia, nawe urudi hadi alama ya mwisho uliyoiona. Ikiwa na mshale au kipinde chini yake, njia inapinda. Vijia vya mizunguko ya eneo hilo huwa na mstari mmoja wa manjano. Kwenye makutano kuna vibao vyenye majina ya mahali. Ukitembea dakika 10 bila kuona alama yoyote, simama na ufungue ramani, kwa sababu juu ya Méjean njia za kondoo ni nyingi na nyingine zinavutia kuliko njia yenyewe, lakini huishia ukingoni.

Kutoka Le Rozier hadi Capluc

Anzia nyuma ya kanisa la Le Rozier, ambako GR 6A huacha barabara na kuanza kupanda mara moja. Muda wa nusu saa hadi dakika 40 unatosha kufika Capluc, kitongoji cha nyumba za mawe ambacho wakazi wake wa kudumu walikihama. Nenda polepole hapa. Wengi huchoka mapema kwa kuupanda mteremko huu wa kwanza kwa haraka, na uchovu huo huwalipisha baadaye wakiwa kwenye ngazi.

Juu ya Capluc kuna jabali la Capluc, lenye msalaba kileleni, linalopandwa kwa ngazi za chuma, nalo hutazama kijiji na makutano ya mito miwili. Si sehemu ya lazima ya mzunguko. Kwa asiyejijua kama anaweza kustahimili kimo, jabali hili ni kipimo kizuri, kwani akiona miguu inatetemeka hapo, basi ameshapata jibu la njia ipi aifuate katika hatua inayofuata.

Kutoka Capluc hadi kipito cha Francbouteille

Hapa njia hugawanyika, na uamuzi wako utegemee upepo, umri na hofu ya kimo, wala usitegemee kiburi. Ya kwanza ni GR 6A yenyewe, inayopanda taratibu kwa mizunguko kupitia bonde la Ravin des Échos. Haina hatari ya pekee, nayo inawafaa watoto waliozoea kutembea. Ya pili ni kijia cha Jacques Brunet, kinachopita katikati ya miamba kwa ngazi na vishikio, na kupata mandhari ya korongo la Tarn upande mmoja na la Jonte upande wa pili. Kijia hiki ni kizuri kupita maelezo siku ya utulivu na chokaa ikiwa kavu. Kukiwa na upepo wa vishindo, mvua au umande ulioganda, kiache. Kwenye ngazi, mtu mmoja apande hadi amalize ndipo mwingine aanze, mikono yote miwili iwe huru, na fimbo za kutembelea ziwe zimefungwa mkobani.

Njia zote mbili hukutana kwenye kipito cha Francbouteille, kiitwacho pia kipito cha makorongo mawili, ambapo pana jiwe la ukumbusho la chama cha wapanda milima cha Ufaransa. Hapa ndipo utakapokutana na upepo kwa mara ya kwanza, kwa maana kipito ni kama mlango uliowazi kati ya mabonde mawili, na hewa inayosukumwa na bonde moja hubanwa hapo na kuongeza kasi. Vaa koti kabla ya kufika, ukiwa bado umekingwa na mwamba. Kisha pima hali kwa uaminifu. Ikiwa huwezi kusimama wima bila kuyumba, rudi kwa Ravin des Échos, kwa sababu ukingo wa Jonte utakaopita alasiri hautakuwa na upepo mdogo kuliko huo.

Kutoka Francbouteille hadi Cassagnes

Endelea na GR 6A. Jabali la Francbouteille litaonekana kama omo la merikebu kubwa, na baada yake utapita karibu na chemchemi ya Teil niliyoitaja. Mteremko hapa umefunikwa na misonobari pamoja na vichaka vyenye majani madogo magumu, ambavyo Wafaransa huviita buis, na kwa muda mrefu utakuwa umekingwa na upepo. Ukifika kipito cha Cassagnes, kuwa mwangalifu: upande wa kushoto kijia huelekea jabali la Cinglegros, penye ngazi nyingi zaidi, ambalo ni safari ya peke yake. Wewe shika kulia hadi kitongoji cha Cassagnes.

Sasa uko juu ya uwanda. Sehemu hii ya magharibi ya Méjean ina misonobari iliyochanganyika na nyasi, tofauti na sehemu ya mashariki ambayo imebaki nyasi na mawe matupu. Anayetaka kuona uwazi huo kamili aongeze siku nyingine na aende kwa gari hadi upande wa Hures, ambako huko Le Villaret tangu mwaka 1993 hufugwa farasi wa Przewalski, aina ya farasi wa mwituni wenye asili ya Asia ya Kati, ambao baadhi yao walirudishwa Mongolia mwaka 2004. Hata hivyo Cassagnes inatosha kuonyesha jinsi watu walivyoishi na upepo na ukosefu wa maji. Tazama nyumba za asili kwa ukaribu: kuta ni nene, paa limeezekwa kwa vibamba vizito vya mawe, na chini ya paa mara nyingi hakuna boriti ndefu, bali tao la mawe, kwa kuwa miti mirefu ya kujengea ilikuwa haba. Maji ya mvua ya paani yalielekezwa kwenye birika. Kwa ajili ya kondoo, wafugaji walichimba mabwawa madogo ya mviringo yaitwayo lavogne, wakayaziba chini kwa udongo wa mfinyanzi au kwa mawe yaliyopangwa, la sivyo maji yangezama.

Uwanda huu haukujifanya wenyewe. Nyasi zimebaki nyasi kwa sababu kondoo wamezila kwa karne nyingi, na pale ufugaji unapopungua, vichaka na misonobari hurudi haraka. Kwa ajili ya mandhari hiyo ya ufugaji, Causses na Cévennes ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Kondoo wa maziwa wa eneo hili huchangia jibini ya Roquefort. Kwa hiyo mgeni anayepita anadaiwa adabu fulani. Kila lango ulilolikuta limefungwa ulifunge, usipande kuta za mawe makavu kwa kuwa huporomoka, mbwa wako awe kwenye kamba, na usiwashe moto mahali popote. Ukikutana na kundi la kondoo, lizunguke kwa mbali. Baadhi ya makundi hulindwa na mbwa wakubwa weupe, nao wakikujia wakibweka, simama, ongea kwa sauti ya utulivu, usikimbie wala usiinue fimbo, na uondoke taratibu.

Kwa chakula cha mchana, kaa nyuma ya ukuta au kichaka upande usio na upepo, na uvae sweta kabla ya kuhisi baridi. Jasho la kupanda hukauka mwilini kwa upepo huu ndani ya dakika chache, na mtu aliyepoa hivyo hupoteza umakini ambao njia ya kurudi inauhitaji sana.

Kurudi kwa ukingo wa Jonte

Kutoka Cassagnes, fuata vibao vya kuelekea ukingo wa Jonte, ukipita uwandani na kando ya msitu wa misonobari hadi bonde la Bastides. Baada ya hapo kijia hufuata majabali, mara juu yake, mara chini yake, na sehemu nyingine ni chembamba huku upande wa kushoto pakiwa na shimo la mamia ya mita. Shika upande wa ukuta, tembeeni mmoja mmoja, na watoto washikwe mkono. Ukitaka kutazama au kupiga picha, simama kwanza. Njiani utapita tao la mwamba lililotobolewa na maji na wakati, na utafika kwenye nguzo mbili mashuhuri, Vase de Sèvres na Vase de Chine, ambazo zimesimama peke yake mbele ya jabali, nyembamba chini na pana juu. Umbo hilo limetokana na matabaka ya mwamba kutolingana kwa ugumu: tabaka laini limelika zaidi na kuwa shingo, na tabaka gumu limebaki kuwa kichwa.

Hapa ndipo penye tumbusi. Walikuwa wametoweka kabisa katika makorongo haya kabla ya katikati ya karne ya 20 kwa kuwindwa na kutegewa sumu, na wakarudishwa kwa kazi ya uvumilivu kuanzia mwaka 1981, ambapo wale waliofugwa waliachiwa huru juu ya Jonte. Leo wanazaliana humo, na wafugaji wenyewe huwawekea mizoga ya kondoo kwenye maeneo maalumu yaliyoruhusiwa. Ni ndugu wa karibu wa tumbusi wa Serengeti na Maasai Mara, wa jenasi moja ya Gyps, na sumu iliyowamaliza Ufaransa ndiyo inayowaua wale wa kwetu hivi leo, kwa hiyo kuwatazama hapa kuna uzito wake. Mabawa yao yakinyooshwa hufikia mita 2.6 na zaidi. Kwa kuwa umesimama ukingoni, mara nyingi watapita chini yako, nawe utaona migongo yao ya rangi ya kahawia na kusikia upepo ukivuma katika manyoya. Usipige kelele, usirushe jiwe bondeni, wala usiache kijia ili kuwakaribia, hasa kati ya Januari na kiangazi wanapotaga na kulea. Drone usiilete kabisa.

Kuteremka

Kutoka kwenye nguzo fuata alama za kurudi Capluc, kisha uteremke kwa njia ile ile ya asubuhi hadi kanisani Le Rozier. Ajali nyingi za milimani hutokea wakati wa kushuka, magoti yanapokuwa yamechoka, kwa hiyo pumzika Capluc, kunywa maji uliyobakiza, na ukaze kamba za viatu. Ikitokea mtu ameumia popote njiani, piga 112, utaje jina la kijia na kitongoji cha karibu, na umkinge majeruhi dhidi ya upepo wakati mnasubiri. Usipopata mtandao, sogea hadi mahali palipo wazi juu ya uwanda badala ya kushuka korongoni, ikiwa hali inaruhusu.

Ukishafika, mjulishe uliyemwachia taarifa kwamba umerudi salama. Jioni hiyo jikague mwili mzima, hasa nyuma ya magoti, kinenani na makwapani, kwa sababu nyasi na vichaka vya uwandani vina kupe, na baadhi yao huambukiza ugonjwa wa Lyme. Mng'oe kupe kwa kibano kidogo karibu kabisa na ngozi bila kumpaka mafuta, andika tarehe, na pakitokea duara jekundu linalopanuka katika wiki zinazofuata, muone daktari na umwambie ulikuwa wapi.